Sura ya Sita: Kilo Zinazopotea Kati ya Mizani na Ofisi

Chukua kilo 100 za kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi kwenye miteremko ya Ruwenzori, upande wa Mutwanga. Mchana huohuo inapimwa, inamwagwa ndani ya maji ili punje zinazoelea ziondolewe, kisha inamenywa kwa mashine. Usiku inachachuka. Kesho yake inaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja, na baada ya wiki mbili hivi zile kilo 100 zimekuwa kama kilo 20 za kahawa kavu iliyobaki na ganda lake jembamba. Ikishateremshwa Butembo na kukobolewa, zinabaki kilo 16, au pungufu ya hapo mikono ya akina mama wanaochambua ikiwa mikali. Kahawa hiyo imepanda mizani mara nne, na kila mara pamekuwa na mtu ameshika kalamu. Je, wale wanne wameandika katika daftari moja?

Karibu kila mahali jibu ni hapana. Karani wa kituo cha kuoshea ana kaye yake ya manunuzi. Msimamizi wa vichanja ana karatasi aliyoipachika ukutani, ikilowa anaandika nyingine. Dereva ana hati ya safari, mtunza depo ana rejista ya ghala, mhasibu ana Excel, na mwenye kampuni ana simu iliyojaa picha za kurasa zote hizo, zilizotumwa kwa WhatsApp saa tofauti, nyingine kichwa chini. Kila mmoja wao ameandika ukweli wake. Lakini mwisho wa msimu mhasibu anapiga hesabu: zilinunuliwa, tuseme, tani 190 za kahawa nyekundu, kwa hiyo tungetarajia tani 30 zilizokobolewa. Zimeuzwa tani 26. Tani 4 zimekwenda wapi?

Huenda kahawa ilipokelewa ikiwa mbichi kupita kiasi. Huenda mashine ya kumenyea ililegea na ikawa inavunja punje. Huenda mizani ya kituo kimoja ilizidisha kwa faida ya mkulima, au ya depo ikapunguza kwa faida ya mtu mwingine. Huenda magunia yalivuka mpaka wa Uganda pale Kasindi usiku. Yote yanawezekana, na hakuna karatasi hata moja inayoweza kuondoa uwezekano wowote, kwa sababu kila karatasi inajua kituo chake tu. Basi anatafutwa wa kulaumiwa, na kwa kawaida anapatikana mlinzi.

Sura hii inahusu nafasi hiyo iliyopo kati ya mizani na ofisi. Wenye viwanda vikubwa duniani hutumia mamilioni ya dola kuiziba, na washauri wao wana majina marefu ya kazi hiyo. Mimi nashikilia kwamba kwa kiwanda cha Butembo, Beni au Mutwanga kazi hiyo huanza na kitu kimoja cha bei ya kalamu ya wino mzito, na kwamba anayeanza na kompyuta anaanzia mwisho.

Mji wa maduka

Butembo ulikuwa mji wa wafanyabiashara kabla haujawa na viwanda vya kutajika. Watu wake walikwenda Dubai, Jakarta na Guangzhou wakati majirani zao wengi walikuwa bado wanasubiri bidhaa zishuke kutoka Kinshasa. Kontena zao zilipakuliwa Mombasa, zikapita Malaba na Kampala, zikaingilia Kasindi. Serikali ya Zaire ilipodhoofika, wafanyabiashara na Kanisa ndio waliobeba mji: Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, anakumbukwa hadi leo kwa kuwahimiza watu watengeneze barabara zao wenyewe na kujenga. Mtafiti Timothy Raeymaekers aliandika kitabu kizima juu ya matajiri hao, kikatoka 2014, na msomaji anayetaka kujua jinsi biashara inavyoweza kusimama pasipo serikali imara atafaidika nacho.

Matajiri hao walikuwa na hesabu zao, na zilikuwa nzuri. Mali iliyoingia, mali iliyotoka, nani anadaiwa, ndugu yupi amemdhamini. Hesabu hiyo inatosha dukani kwa sababu robota la vitenge lililofungwa Guangzhou linafunguliwa katikati ya Butembo likiwa robota lilelile. Haliyeyuki njiani, halikauki, halitoi makapi. Mfanyabiashara akijua bei ya kununulia, gharama za njia na bei ya kuuzia, amejua faida yake.

Kiwanda ni mnyama mwingine. Kinachoingia sicho kinachotoka. Mawese yanakuwa sabuni, gogo linakuwa mbao na vumbi, kakao inakuwa chokoleti na maganda. Faida ya duka iko mlangoni, ya kiwanda iko katikati ya milango miwili, pale ambapo tajiri aliyezoea duka hana safu ya kuandikia. Ndiyo maana mtu aliyefanikiwa miaka thelathini katika vitenge na vipuri anafungua kiwanda cha sabuni, anakiendesha kwa daftari la duka, na baada ya miaka mitatu anashangaa kwamba anauza kila siku na bado hana fedha.

Si aibu ya Butembo peke yake. Ulaya na Marekani walilizaa tatizo hilihili katika muda wa miaka minne tu. Mwaka 1968 huko Marekani Dick Morley na wenzake walianza kubuni Modicon, kompyuta ngumu ya kuendesha mashine, kwa sababu viwanda vya magari vilichoka kubomoa makabati ya nyaya kila modeli mpya ilipokuja. Mwaka 1972 watu watano waliotoka IBM walianzisha SAP nchini Ujerumani, na mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI mjini Östringen. Huko hawakuanza na mashine za nailoni. Walianza na mishahara na hesabu za fedha. Kwa hiyo kompyuta ya kwanza ilizaliwa kwenye joto na mafuta, ya pili ikazaliwa kwa makarani. Ile inahesabu kwa sekunde na vipande vya sekunde, hii inahesabu kwa mwezi. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja zitahitaji kuzungumza.

Zilipohitaji, ilibidi watu wachore ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Theodore Williams wa Chuo Kikuu cha Purdue aliongoza kazi ya kupanga kiwanda kwa ngazi: chini kabisa kitu chenyewe kinachotengenezwa, juu yake vipimo, kisha uendeshaji wa mashine, kisha usimamizi wa uzalishaji wa siku, na juu kabisa biashara, yaani manunuzi, mauzo, mishahara na kodi. Kutokana na fikra hiyo kikatoka kiwango kinachojulikana kama ISA-95, ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2000. Ngazi inayosumbua kila mahali ni ile ya usimamizi wa siku, inayopokea habari za mashine na kuzitafsiri kwa ajili ya ofisi. Nchi tajiri zimeweka hapo programu za bei kubwa. Kwetu ngazi hiyo ni dada mwenye kaye na kalamu mbili, moja ya akiba. Sisemi hivyo kwa dharau. Anafanya kazi ambayo Ujerumani inafanywa na seva, na analipwa kana kwamba anafagia.

Kakao

Ukitaka kuona jinsi data ya sakafuni inavyogeuka fedha, acha kahawa kidogo utazame kakao. Beni ilikuwa nchi ya kahawa ya robusta mpaka ugonjwa wa kunyauka ulipoua mashamba, ugonjwa uleule uliovuka hadi Uganda na kugunduliwa huko mwaka 1993. Wakulima wengi walipanda kakao mahali pa kahawa iliyokufa, na leo ukipita barabara ya Beni kwenda Oicha au kwenda Mangina, harufu ya kakao inayochachuka inakufikia kabla hujaona magunia.

Kakao haisamehe uvivu. Mbegu zikitolewa kwenye tunda zinawekwa pamoja na ute wake ndani ya masanduku ya mbao au chini ya majani ya ndizi, zinachachuka siku 5 hadi 7, joto likipanda mpaka karibu nyuzi 50. Zinapinduliwa baada ya kila siku mbili ili hewa iingie. Kisha jua. Kilo 100 za mbegu mbichi zinatoa takriban kilo 40 kavu, mara nyingi chini ya hapo. Mnunuzi wa nje atachukua mbegu 300, atazipasua kwa urefu, atahesabu zenye ukungu, zilizoliwa na wadudu, na zile za kijivu zinazoonyesha kwamba mchacho ulikatizwa mapema. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama mzigo ni wa kutengenezea chokoleti ya jina au wa kuchanganywa na mizigo mingine isiyo na jina.

Tazama sasa jambo dogo kama unyevu. Depo inanunua tani 10 zenye unyevu wa asilimia 8.5, wakati mkataba wa mauzo unataka asilimia 7.5. Zikikaushwa zaidi, mbegu zenyewe hazijapotea hata moja, lakini mzani utaonyesha kilo 9,892. Kilo 108 za maji zimelipiwa kwa bei ya kakao. Tani 10 ni lori dogo. Kampuni inayosafirisha tani 500 kwa msimu imenunua zaidi ya tani 5 za maji, na daftari la duka litaziandika kama hasara ya ghala, maana halina safu ya unyevu. Kipimo cha unyevu kipo pale depo. Karani anakitumia kila siku, anasoma namba, anaipiga kelele, na kila mtu anaisikia. Kisha namba inapotea hewani, kwa sababu fomu ya malipo ina nafasi ya jina, kilo na dola tu.

Madhara ya pili ni makubwa kuliko maji. Ofisi isiyojua mzigo upi ulitoka kwa nani inalipa wote bei moja. Mkulima aliyechachusha siku 6 na kupindua kwa wakati anapata sawa na jirani yake aliyechachusha siku 2 na kuanika kando ya lami. Msimu wa kwanza anavumilia. Wa pili naye anaanika kando ya lami. Hakuna hotuba ya mtaalamu wa kilimo itakayomrudisha kwenye siku 6 ikiwa bei haijui tofauti, na bei haiwezi kujua tofauti ikiwa namba za masanduku ya mchacho haziifikii meza ya malipo.

Mutwanga kuna kiwanda cha chokoleti kilichoanzishwa na Wakfu wa Virunga kwa kushirikiana na mtengenezaji chokoleti Mbelgiji Dominique Persoone, kikitumia umeme wa maji wa hapohapo. Kwa mtazamo wa sura hii, uzito wa kiwanda kama hicho si ile fahari ya kula chokoleti yetu. Ni kwamba mbegu inakaangwa, inatolewa ganda, inasagwa na kupozwa kilomita chache kutoka kwa aliyeipanda. Kosa la mchacho, ambalo zamani lilikuwa linagunduliwa Ulaya miezi mitatu baadaye na mtu asiyejua Mutwanga ni wapi, linaweza kugunduliwa baada ya wiki mbili na mtu anayeweza kupanda pikipiki kwenda kuuliza. Data inayofika ikiwa bado moto ndiyo inayorekebisha kitu. Ikifika msimu umekwisha inafaa kwa ripoti ya mfadhili.

Umeme na saa zilizokufa

Mwenye kiwanda atasema: haya ni maneno ya watu wenye umeme. Ana haki. Kwa muda mrefu kiwanda cha Butembo kimekuwa jenereta iliyozungukwa na mashine chache. Kituo cha kwanza cha umeme wa maji cha Mutwanga, kilichoanza 2013, kilikuwa na kilowati 400 hivi, na hata hizo ziliibadilisha sehemu hiyo kwa kiasi ambacho wageni wa Goma hawakuamini. Lakini uhaba wa umeme ndio sababu kubwa zaidi ya kuhesabu.

Seiichi Nakajima wa Japani aliacha kipimo kimoja rahisi ambacho viwanda vya dunia bado vinakitumia. Jiulize maswali matatu: mashine ilifanya kazi sehemu gani ya muda iliyopangiwa? Ilipofanya kazi, ilienda kwa mwendo gani ukilinganisha na mwendo wake wa kawaida? Na katika vilivyotoka, vizuri ni vingapi? Zidisha majibu. Tuseme mtambo wa sabuni umepangiwa dakika 480 kwa zamu. Umeme ulikatika, mafuta ya jenereta yakachelewa, kalibu ikabadilishwa: dakika 120 zimekufa, imebaki 0.75. Mwendo ulikuwa 0.8 kwa sababu mawese yalikuja na takataka nyingi na kichujio kikaziba. Vipande vizuri 0.95. Zidisha: 0.57. Tajiri aliyeona mashine inanguruma mchana kutwa alidhani ana kiwanda kizima. Ana kiwanda nusu na kidogo.

Kinachofanya hesabu hiyo iwe na maana ni pale inapokutana na karatasi za ofisi. Zile dakika 120 na ule mwendo wa 0.8 vikiandikwa sababu zake, vinaweza kuwekwa kando ya fakitire za mafuta ya dizeli na za muuza mawese. Hapo mtu anaweza kugundua kwamba mawese ya bei rahisi kutoka kwa muuzaji fulani yanaziba kichujio na kula saa moja kila zamu, na kwamba urahisi wake ni wa uongo. Fundi alilijua jambo hilo tangu mwezi wa kwanza. Mnunuzi hakulijua, kwa sababu mnunuzi hupimwa kwa bei aliyopata na hajawahi kuonyeshwa kichujio.

Kuna kisa cha pembeni ambacho kila mara kinanichekesha na kuniuma kidogo. Huko Luviro, katika eneo la Lubero, Hifadhi ya Virunga ilijenga kituo cha umeme wa maji, na kabla wateja wa kutosha hawajaunganishwa, mwaka 2020 iliweka kontena zilizojaa kompyuta za kuchimba bitcoin ili umeme usipotee bure na hifadhi iliyokosa watalii ipate kipato. Wengi walilaumu, wengine wakasifu. Ninachokiona mimi ni hiki: mteja wa kwanza mkubwa wa umeme ule alikuwa mteja anayejua kila dakika kila kilowati inamletea senti ngapi. Mashine na hesabu zake za fedha ni kitu kimoja, hakuna karani katikati. Kiwanda cha mbao au cha unga kinachotaka kushindana naye kwa umeme huohuo lazima nacho kijue kilowati yake inazaa nini, na vingi havijui.

Namba ya fungu

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu Kaskazini, chanzo kikiwa Mangina. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika miaka hiyo kila familia ya Beni na Butembo ilijifunza, ikipenda isipende, maana ya orodha: huyu alikutana na nani, lini, anafuatiliwa siku 21, amechanjwa au la. Jina likiruka orodha moja bila kuingia nyingine, mnyororo ulianza upya mtaa mwingine. Na orodha ikikusanywa na watu wasioaminiwa, ilikuwa na majina ya uongo. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi kumpata mtu aseme kweli alilala wapi.

Kiwanda kinahitaji ufuatiliaji wa namna hiyohiyo, ila kinachofuatiliwa ni fungu. Fungu ni kiasi cha mali kilichopokelewa pamoja na kutendewa pamoja: kahawa ya kituo kimoja, siku moja, beseni moja. Lipe namba siku linapozaliwa. Inaweza kuwa MUT-0311-2, yaani Mutwanga, tarehe 3 mwezi wa 11, beseni la pili. Iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kibao cha kichanja, kisha kwenye gunia, kisha kwenye hati ya dereva, rejista ya depo, cheti cha maabara, fakitire ya mnunuzi. Mafungu mawili yakichanganywa, lizaliwe fungu jipya lenye kumbukumbu ya wazazi wake. Hiyo ndiyo kazi yote. Programu zote za bei kubwa, ukizivua nguo, ni njia za kubeba namba hiyo haraka bila kuikosea.

Hapo ndipo simu inapoingia, na si kabla. Programu za bure kama ODK na KoboToolbox, ambazo vijana wengi wa Beni walizizoea katika kazi za misaada, zinajaza fomu pasipo mtandao na kutuma simu inapofika penye minara. Fomu ya kituo iwe na maswali machache kadiri inavyowezekana: fungu, kilo, saa, unyevu. Kila swali la ziada ni swali litakalojibiwa kwa kubahatisha. Ofisini, Odoo, iliyoanzishwa Ubelgiji na Fabien Pinckaers mwaka 2005, ina toleo la bure na menyu za Kifaransa ambazo wahasibu wetu waliosoma Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben (UCG) hawatazihofia. Hata Excel inatosha kwa mwaka wa kwanza, mradi mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kubadilisha safu ya fungu. Kinachoharibu ni kumfanya karani aandike kwenye kaye, kisha kwenye simu, kisha atume picha. Mtu anayeandika namba moja mara tatu ataandika namba tatu.

Malipo ya simu yanaongeza shahidi ambaye hakuna aliyemwita. Mkulima akilipwa kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa, kampuni ya simu inaandika kiasi na saa. Gawanya kiasi hicho kwa bei ya siku na utapata kilo. Zilinganishe na kilo za mizani na kilo za depo. Vyanzo vitatu ambavyo havikukaa pamoja kupatana vikikubaliana, lala usingizi. Visipokubaliana unajua ni siku gani na kituo gani, na mlinzi anaachwa apumzike.

Ulaya nayo imeleta sababu yake. Kanuni yake ya ukataji misitu, namba 2023/1115, inataka kakao, kahawa na mbao ziwe na mahali zilipotoka kwenye ramani, na shamba lisiwe limepatikana kwa kufyeka msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba la hekta 4 au chini linahitaji nukta moja ya ramani, kubwa kuliko hapo linahitaji mipaka yake yote. Tarehe ya kuanza imeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo waliotumia ahirisho kama likizo. Nafikiri wanakosea. Kampuni iliyokwisha kuzoea namba ya fungu inahitaji tu kuifunga namba hiyo na nukta za mashamba. Isiyo nayo itapima mashamba yote, itapata ramani nzuri ya rangi, na haitaweza kusema gunia hili lilitoka nukta ipi.

Ila kuna jambo ambalo kanuni ya Brussels haikulifikiria, na wataalamu wa mifumo hawalitaji. Tangu mauaji yalipoanza eneo la Beni Oktoba 2014, watu wameuawa katika mashamba hayohayo ya kakao, na watu wenye silaha wamevuna walichoacha wenye mashamba. Orodha inayoonyesha nani amelipwa dola ngapi jana na shamba lake liko nukta gani ni hatari kwa mwenye jina, ikiwa simu ya karani itakamatwa njiani. Kwa hiyo simu ya kituo isibaki na malipo ya zamani baada ya kutuma. Karani aone namba ya mwanachama, jina libaki ofisini. Kituo kimoja kisiweze kufungua data za kingine. Na kupima shamba kusubiri mpaka njia iwe salama si uzembe, hata kama mnunuzi wa Antwerp anataka ramani mwezi huu.

Wala data haiwezi kila kitu. Kodi na vizuizi vya upande wetu vikifanya kilo ya kakao iwe na bei nzuri zaidi Bundibugyo, Uganda, kuliko Beni, kakao itavuka, ikiwa na namba au bila namba. Utakachofanya mfumo ni kukuonyesha wiki ambayo kilo zilianguka katika vituo vya mpakani tu, ukajua kwamba tatizo ni bei na si mvua wala makarani wako.

Kuhusu makarani, jambo moja la uchungu. Kampuni nyingi zinapoanza kuona namba za sakafuni, jambo la kwanza zinalolifanya ni kukata mshahara wa yule mwenye namba mbaya. Mwezi unaofuata namba zote ni nzuri. Dakika za kusimama zimetoweka, unyevu wote ni 7.5, kila sanduku lilipinduliwa kwa wakati. Umenunua mfumo wa kukudanganya kwa haraka. Wenye busara hutumia miezi ya mwanzo kuuliza tu, na hulipa ziada kidogo kwa fungu ambalo historia yake imekamilika, hata kama historia hiyo ni mbaya.

Vyama vya ushirika vya kahawa kama Kawa Kanzururu, kwenye miteremko ya Ruwenzori, vina nafasi ambayo kampuni binafsi hazina, kwa sababu mwanachama ni mwenye mali na ndiye mwenye haki ya kuuliza. Kahawa ikiuzwa vizuri, yanakuja malipo ya pili mwisho wa msimu. Malipo hayo yakigawanywa kwa wastani, hakuna atakayeelewa. Yakigawanywa kwa fungu, mama aliyeleta kilo 43 tarehe 3 Novemba anaweza kuja na risiti yake yenye MUT-0311-2, akauliza fungu hilo lilipata alama ngapi mezani kwa waonjaji, liliuzwa kwa nani na kwa nini amepata senti kadhaa pungufu ya shemeji yake wa beseni la kwanza. Mhasibu atafungua ukurasa na kumjibu: mashine ya kumenyea ilisimama kwa muda wa saa tatu jioni ile, kahawa ya beseni la pili ikangoja. Swali lake litakalofuata litakuwa juu ya mashine, na litamfika mwenyekiti.